Pakiti ya Chumvi Inasema Nini?



Leo tunaomba uanze somo hili ukiwa na chumvi mkononi. Kama umekaa barazani, mtume mtoto jikoni akuletee chumvi mnayotumia nyumbani, pamoja na pakiti yake kama bado ipo. Wengi mtaletewa kopo, maana pakiti ilichanwa na kutupwa siku ile ile iliponunuliwa. Wengine mtaletewa chumvi ya kupimiwa kwa kikombe, ambayo haikuwa na pakiti tangu mwanzo. Si neno. Iweke mbele yako, tuendelee.

Somo hili lilianzia Mbegani, wilaya ya Bagamoyo, katika darasa letu la watu wazima. Darasa hukutana alasiri, kina mama wakisharudi shamba na wavuvi wakishaanika nyavu. Siku hiyo tuliwaagiza wanakisomo kila mmoja aje na kitu chochote chenye maandishi kutoka nyumbani kwake. Tulitaka wasome maneno wanayokutana nayo kila siku, si maneno ya kitabu tu. Wakaja na vitu vya kila namna: kadi ya kliniki, khanga, kibiriti, risiti ya mchango wa shule. Mama mmoja akaja na pakiti ya chumvi ya nusu kilo.

Akasimama, akasoma polepole, kidole chini ya neno: "Chumvi safi ya mezani. Imetiwa madini joto." Tukampigia makofi. Lakini hakukaa. Akauliza:

"Mwalimu, nimesoma wamesema wametia. Mimi nitajuaje kama wametia kweli?"

Tukamjibu haraka haraka kwamba si imeandikwa.

"Ah, mwalimu," akasema, "hata mwanangu aliye Dar es Salaam huandika kwamba kesho atatuma pesa."

Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka. Lakini jibu hatukuwa nalo. Tukaahidi kumwomba bwana afya aje.

Bwana afya akaja wiki iliyofuata na kichupa kidogo cha dawa ya kupimia. Ndani ya kichupa hicho mna wanga, kitu kile kile kinachoufanya uji wa muhogo uwe mzito. Wanga ukikutana na madini joto hugeuka rangi. Ukidondosha tone moja juu ya chumvi yenye madini joto, hapo hapo huwa zambarau au buluu iliyoiva. Isiyo nayo hubaki nyeupe.

Tuliweka chumvi tatu juu ya sahani. Ya kwanza ilikuwa ya yule mama. Ya pili ilitoka katika gunia la mashamba ya chumvi, aliileta mzee mmoja anayefanya kazi huko. Ya tatu ilikuwa yetu wenyewe, waalimu. Tuliichukua jikoni kwa mmoja wetu, na pakiti yake tukaja nayo, nayo imeandikwa maneno yale yale: imetiwa madini joto.

Chumvi ya mama ikageuka zambarau. Ya gunia ikabaki nyeupe. Na ya kwetu ikabaki nyeupe vile vile. Bwana afya akadondosha tone la pili, na la tatu. Nyeupe.

Tuseme ukweli, tulitahayari. Si kwa sababu ya wanakisomo kutuona. Nyumba ile ilikotoka chumvi ile ina mama mjamzito, na kwa miezi kadhaa tulikuwa tukijua kwamba amekwisha kupata kinga yake kwa kuwa pakiti ilisema hivyo.

MADINI JOTO NI KITU GANI

Jina lake jingine ni iodini. Neno "joto" lisikupoteze. Hayaunguzi wala hayaleti homa. Mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito mikrogramu 250. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mafungu milioni moja. Hebu tufanye hesabu. Ukigawa gramu moja kwa mafungu ya mikrogramu 150, utapata siku zaidi ya 6,600, yaani kama miaka 18. Maana yake kijiko kimoja cha chai cha madini joto kingeweza kumtosha mtu tangu kuzaliwa hadi uzeeni.

Lakini hawezi kukimeza mara moja akamaliza. Mwili hauweki akiba kubwa. Yanatakiwa kidogo kidogo, siku zote. Ndiyo sababu nchi nyingi zikachagua kuyatia katika chumvi. Tajiri na maskini wote hula chumvi, hula kila siku, na wala hakuna anayeweza kula nyingi kupita kiasi katika mlo mmoja, maana chakula hakitalika.

Mwilini madini hayo hutumiwa na tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya koromeo. Yakipungua, tezi hujitahidi kufanya kazi yake, ikavimba. Uvimbe huo ndio rovu. Watu wengi hudhani rovu ndilo tatizo lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Tatizo kubwa halionekani. Mama mjamzito akipungukiwa sana, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa ubongo wake haukukua vizuri: akawa kiziwi, au mzito wa kuelewa. Ubongo uliodhurika namna hiyo tumboni, huwezi kuja kuutengeneza baadaye kwa kumpa mtoto chumvi nzuri.

Katika nchi yetu jambo hili liliwaumiza hasa watu wa nyanda za juu, kama Mbeya, Iringa na Rukwa. Mvua za milimani huosha madini joto kutoka katika udongo, na mazao ya udongo huo huyakosa. Katika wilaya zilizoathirika sana, miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na tezi zilizovimba. Kuanzia mwaka 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya hizo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikatolewa kanuni kwamba chumvi yote ya kula itiwe madini joto. Wilaya 16 zilipopimwa tena mwaka 1999, watoto wenye uvimbe walikuwa wamepungua hadi kiasi cha robo. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wengi, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973. Lakini dawa iliyoingia katika kila nyumba, bila sindano wala foleni, ilikuwa chumvi.

"SISI TUNAKULA SAMAKI"

Hapo yule mzee wa mashamba ya chumvi akanyoosha mkono.

"Bwana Afya, hayo ni ya watu wa bara. Sisi tunakula samaki. Na chumvi yetu yatoka bahari hii hii. Bahari ikose madini?"

Swali lake ni zuri, na wengi wa pwani hufikiri hivyo. Ni kweli kwamba samaki wa baharini wana madini joto. Lakini hesabu samaki unayekula wewe, si anayevuliwa. Siku ya mchicha na siku ya kunde si siku ya samaki. Nguru na kamba wanapanda gari kwenda Dar es Salaam. Nyumbani mara nyingi hubaki dagaa au kipande cha ng'onda kugawana watu wanane.

Wataalamu walikwenda kupima Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na maji pande zote, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006. Walikuta upungufu wa madini joto visiwa vyote viwili, na Pemba umezidi. Chumvi nyingi iliyokuwa ikiliwa huko haikutiwa madini hayo. Kama Pemba watu wanakula samaki na bado wamepungukiwa, sisi wa Mbegani na Bagamoyo hatuna sababu ya kujiona tumesalimika.

Na chumvi yenyewe ya bahari? Mzee anajua kuliko sisi namna inavyopatikana. Wakati wa bamvua maji huingizwa katika mabwawa, yakatulia, taka zikazama. Huhamishwa bwawa hadi bwawa, jua na upepo vikiyapunguza, mpaka chumvi ianze kuganda nayo ikakokolewa. Debe moja la lita 20 la maji ya bahari lina kiasi cha gramu 700 za chumvi za kila aina. Lakini madini joto yaliyomo baharini ni machache mno, na machache hayo hayabaki katika chumvi iliyoganda. Ndiyo maana tone la bwana afya halikugeuka rangi. Chumvi ya gunia haikuwa na kosa. Ilikuwa chumvi tu.

Kuna jambo jingine hapa ambalo hatukulijua mpaka siku hiyo. Usafi wa chumvi na madini joto ni mambo yanayoshikana. Maji ya mwisho yanayobaki bwawani ni machungu, yamejaa chumvi za aina nyingine, hasa magnesi. Wakokoaji wakiwa na haraka, mvua inakaribia, huzoa chumvi pamoja na maji hayo. Chumvi ya namna hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Umeiona: inalia maji ndani ya kopo, na gunia lake linalowesha sakafu. Sasa hata ukiitia madini joto kwa kipimo sawasawa, unyevu ule huyashusha chini ya gunia na kuyapoteza. Chumvi chafu haiwezi kukaa na ahadi iliyoandikwa juu yake.

KWA NINI SERIKALI IJALI MANENO

Serikali hufanya mambo mawili juu ya chakula cha pakiti. Kwanza, huweka kipimo: chakula hiki kiwe na nini, kisiwe na nini, na uchafu usizidi kiasi gani. Pili, huamuru kipimo hicho kiandikwe mahali mnunuzi atakapokiona. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kudhibiti ubora wa vyakula. Mwaka 2003 ikaja sheria mpya iliyounda mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Tangu mwaka 2019 kazi ya chakula na vipodozi imehamishiwa TBS, na ile mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Chumvi ina mambo mengi zaidi, maana inapochimbwa au kukokolewa huhesabiwa kuwa ni madini, na inapofika mezani ni chakula. Mkokoaji anakutana na ofisi ya madini na watu wa viwango.

Mtu anaweza kuuliza, ya nini kugombania maneno? Kama chakula hakiui, si kiachwe kiuzwe?

Tutoke pwani yetu kidogo tutazame jibini. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kuchujwa maji yake. Hapa Bagamoyo wengi wetu tunaiona katika hoteli za watalii tu. Iko aina inayoyeyushwa tena kiwandani, ikachanganywa na vitu vya kuilainisha, ikauzwa vipande vyembamba au ya kupaka mkate. Ukiitazama huwezi kujua ndani yake mna jibini kiasi gani. Marekani waliweka kanuni juu ya jina lenyewe. Ile ya kupaka, kwa mfano, haiwezi kuitwa jina hilo isipokuwa angalau asilimia 51 ya uzito wake ni jibini ya kweli, na vitu vinavyoruhusiwa kuongezwa vimetajwa. Mwaka 2002 wakaguzi wa Serikali ya huko waliiandikia kampuni kubwa ya Kraft barua ya onyo kuhusu jibini yake inayoitwa Velveeta. Ndani yake mlitiwa unga wa protini ya maziwa, ambao haukuwamo katika orodha iliyoruhusiwa kwa jina lililoandikwa juu ya pakiti. Unga ule si sumu. Hakuna aliyedai umeua mtu. Kosa lilikuwa kwamba jina lilisema jambo moja na ndani mna jingine. Baadaye jina la pakiti likabadilishwa.

Tulipowaeleza wanakisomo, yule mama wa chumvi alielewa upesi kuliko sisi. Akasema, "Basi ni kama kuuza papa ukimwita nguru." Naam, ndiyo hiyo hiyo. Papa si sumu. Lakini aliyelipa bei ya nguru ameibiwa. Na katika chumvi wizi huo ni mbaya zaidi, kwa sababu aliyeuziwa papa atamjua kwa ladha, na aliyeuziwa chumvi tupu hatajua. Haina harufu, haina rangi, haina ladha ya tofauti. Maandishi ndiyo macho yake ya pekee.

TUSOME PAKITI ZOTE MBILI

Sasa tuliziweka pakiti mbili ubavu kwa ubavu, ya mama na ya kwetu, tukazisoma kwa sauti.

Zote mbili zina jina la chakula na zote zimeandikwa uzito. Zote zimesema madini joto. Kwa mbali ni ndugu. Lakini pakiti ya mama ina jina la mtengenezaji, sanduku lake la posta na mahali alipo. Ya kwetu ina jina la chumvi na neno "Tanzania", basi. Tanzania ni kubwa, ndugu msomaji. Ya mama ina tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika. Ya kwetu ina maneno hayo yamechapwa, mbele yake pako wazi, hapana tarehe. Ya mama ina namba ndogo iliyogongwa pembeni, ambayo hatukuwahi kuijali. Bwana afya akatueleza kwamba hiyo ni namba ya toleo: inaonyesha chumvi hii ilichanganywa na kufungwa pamoja na ipi. Ikigundulika mbaya, mtengenezaji anaweza kurudisha toleo hilo peke yake. Mwisho, ya mama ina alama ya ubora ya TBS. Ya kwetu haina.

Hapo tukauliza kama basi mtengenezaji wetu ni mwongo. Bwana afya akakataa kusema hivyo, na tulimheshimu kwa kukataa.

"Sijui," alisema. "Pengine hakutia kitu. Pengine alitia kidogo. Pengine alitia sawasawa, na chumvi ikakaa mwaka mzima juani mbele ya ghala, ikapoteza. Kichupa hiki hunionyesha yapo au hayapo. Kiasi gani, hiyo ni kazi ya maabara. Lakini tazameni: pakiti hii hainipi tarehe, hainipi toleo, hainipi anwani. Nitamuuliza nani?"

Tangu siku ile tumeacha kuwafundisha wanakisomo kwamba maandishi ya pakiti ni ya kutuambia kilichomo tu. Kazi yake nyingine ni kumfanya aliyeandika aweze kupatikana. Mtu aliyeandika jina lake, mahali alipo na siku aliyofunga bidhaa, amekubali kuulizwa.

DUKANI

Bwana afya alikwenda na baadhi yetu kwenye duka tuliponunua. Akakuta katoni mbili za chumvi ile. Akamwambia mwenye duka azitoe rafuni, ataandika hati na kuzizuia mpaka zichunguzwe. Mwenye duka, mtu mzima na mpole, ambaye sote hukopa kwake mwisho wa mwezi, alisimama nyuma ya meza yake akanyamaza kwanza. Kisha akasema:

"Bwana Afya, mie kosa langu nini? Mie nimeuziwa na gari la jumla. Wamekuja asubuhi, wamekwenda zao. Mie sikutia madini wala sikutoa."

"Risiti iko wapi?"

"Risiti ya chumvi, bwana?"

Waliokuwapo wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwa sheria, anayeuza anawajibika kwa anachouza. Sisi hatuoni kwamba kila mara jambo hilo ni haki tupu. Mwenye gari la jumla alikuwa keshafika Chalinze pengine, na hasara ikamkuta aliye karibu. Lakini fikiri upande wa pili: kama mwenye duka angalikuwa na risiti, bwana afya angeandika jina la muuzaji wa jumla, na kutoka kwake kufika kiwandani. Bila kile kikaratasi njia ilikatika pale mezani. Yule bwana sasa ana msumari ukutani, amechomeka risiti zake. Na akiletewa katoni huipindua kutazama tarehe kabla hajalipa. Alituambia gari moja lilikasirika, likaondoka na chumvi yake.

WANAOKOKOA

Darasani mwetu wamo kina mama wanne wanaofanya kibarua cha chumvi. Hao hawakufurahi na somo hili, na tunaandika maneno yao kama walivyoyasema. Wao hukokoa, hubeba kwa vichwa, chumvi hukatakata nyayo. Mnunuzi huja na lori, hununua gunia la kilo 50 kwa bei anayotaka yeye, kwa kuwa haina madini joto wala jina. Kisha, walisema, mtu mwingine huitia kwenye vipakiti na kupata faida. Sasa Serikali ikikaza, je, si wao watakaofungiwa kwanza?

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Dawa inayotumika kutia madini joto huitwa potasiamu aiodeti. Tuseme tunataka kila kilo ya chumvi iwe na miligramu 40 za madini joto. Gunia la kilo 50 litahitaji gramu 2. Kwa kuwa dawa hiyo si madini joto matupu, utapima kama gramu 3 na nusu. Ni kitu kidogo kuliko kijiko. Gharama haiko katika dawa. Iko katika mzani wa kupima gramu, katika bomba au mashine ya kuchanganya ili madini yaenee gunia zima, katika sakafu safi, mifuko isiyopitisha unyevu, na kupeleka chumvi maabara. Miaka ya 1990 UNICEF ilisaidia nchi kupata mashine za kazi hiyo. Mtu mmoja mmoja hawezi kuvibeba vyote hivi. Na tunaonya: usijaribu mwenyewe jikoni kwa kukisia. Madini joto yakizidi sana nayo huiumiza tezi.

Kikundi kinaweza. Ghala moja, mzani mmoja, mtu mmoja aliyefundishwa, na daftari la kuandika: leo tumefunga magunia mangapi, tumetia gramu ngapi, toleo namba ngapi. Wajasiriamali wadogo husaidiwa katika gharama za kupata alama ya TBS, na njia yao hupitia SIDO. Kazi ya daftari, kina mama hawa wanaiweza. Mwaka juzi wasingeiweza.

Waliandika barua wenyewe, wakiuliza masharti. Tuliwasahihishia herufi tatu tu. Moja ilikuwa katika neno "aiodeti", ambalo hata sisi tulilitafuta. Barua imepelekwa wilayani wiki iliyopita.

NYUMBANI KWAKO

Kama chumvi yako ina madini joto, yatunze. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na jua. Usiioshe. Itie mchuzi ukikaribia kuiva, maana kuchemka muda mrefu huyapunguza. Wataalamu wa afya duniani wanasema chumvi ikifika nyumbani iwe bado na angalau miligramu 15 za madini joto kwa kilo. Ndiyo sababu kiwandani hutiwa zaidi, kufidia yatakayopotea njiani. Wala usiongeze chumvi eti upate madini joto zaidi. Gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, zisizidi hapo, kwa ajili ya presha.

Yule mama mjamzito tuliyemtaja anakula sasa chumvi ya pakiti iliyogeuka zambarau. Mtoto hajazaliwa bado.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Soma pakiti ya chumvi ya nyumbani kwako. Andika jina la mtengenezaji, mahali alipo, tarehe mbili na namba ya toleo. Kama kimojawapo hakipo, andika "hakipo".

2. Kilo moja ya chumvi ina miligramu 30 za madini joto. Mtu akila gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku, atapata mikrogramu ngapi? Zinamtosha mtu mzima? Zinamtosha mama mjamzito?

3. Mwenye duka alipoteza katoni mbili. Jadilianeni: nani alistahili kubeba hasara hiyo, na angepatikanaje?

4. Chagueni chakula kingine cha pakiti kinachouzwa kijijini kwenu, unga, maziwa au mafuta. Ni neno gani juu ya pakiti hiyo ambalo hamwezi kulihakikisha kwa kuonja wala kwa kutazama?